Maswali ya Wasomaji: Mwalimu wa Tuisheni na Saa Zake

Barua tano za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinagusa jambo moja: mwalimu wa tuisheni apange na atangaze vipi muda wake ili apate wanafunzi na adumu nao. Saa tulizotaja ni za Kiswahili, isipokuwa pale tulipoandika kwa mfumo wa saa 24.

Nimemaliza shahada ya ualimu, masomo ya Hisabati na Fizikia, na nasubiri ajira. Nimebandika matangazo kuanzia Sakina hadi Njiro, nikaweka na kwenye stetasi ya WhatsApp: "Napatikana muda wowote, siku saba, popote Arusha." Wazazi wanapiga, wanauliza bei, wanasema watanitafuta, basi. Nakosea wapi? Nishushe bei?
*Mwalimu kijana, Sakina*

Bei iache kwanza, mwalimu. Kinachokukosesha wanafunzi ni hayo maneno "muda wowote".

Mzazi anayekupigia ana maswali mawili ambayo mara nyingi hayatamki. Je, huyu atakuja kweli kila wiki? Na atakuja saa ambayo mtoto yuko nyumbani, ameshakula, na bado ana nguvu ya kusoma? "Muda wowote" halijibu hata moja. Linamwachia mzazi kazi ya kupanga, naye ametoka kazini amechoka, hapangi. Wengine wakisikia mwalimu yuko wazi siku saba hujiuliza kwa nini hakuna aliyemchukua. "Popote Arusha" nalo linaongeza shaka: kila mtu anajua kwamba kutoka Sakina kwenda Njiro unavuka mji mzima, na siku ya mvua hutafika kwa wakati.

Anza na saa za mwanafunzi, zako zifuate. Mtoto wa shule ya kutwa ya serikali hutoka mchana au alasiri. Akitembea, akala, akapumzika kidogo, saa 10 jioni yuko tayari. Mtoto wa shule binafsi anayerudi na basi la shule mara nyingi hafiki nyumbani kabla ya saa 11, hasa akiwa wa mwisho kushushwa. Kwa hiyo jioni moja ina nafasi mbili ambazo hazigombaniwi na mtoto yuleyule: saa 10:00 hadi 11:15 kwa wa kutwa, na saa 11:30 hadi 12:45 kwa wa basi. Huku kwetu jua huzama kabla ya saa 1 usiku mwaka mzima, kwa hiyo usipange kipindi cha tatu. Mtoto atasinzia, nawe utarudi nyumbani gizani kwa bodaboda.

Sasa chukua karatasi, chora siku saba. Futa Ijumaa yote. Hiyo ni siku ya kufidia vipindi vilivyoharibika, na bila siku ya kufidia ratiba yoyote huvurugika ndani ya mwezi. Futa Jumapili. Zinabaki siku nne zenye nafasi mbili mbili, yaani vipindi 8, na Jumamosi vipindi 3: saa 3:00, saa 4:30 na saa 6:00. Jumla ni vipindi 11 vya dakika 75, sawa na saa 13 na dakika 45. Weka nusu saa ya maandalizi na kusahihisha kwa kila kipindi, unapata saa 5 na nusu. Weka saa moja ya safari kwa kila siku ya kazi, saa 5 nyingine. Jumla ni saa 24 na robo kwa wiki. Hizo ndizo saa zako za kweli ukiwa bado hujaajiriwa. Anayejitangazia saa 40 za kufundisha ataanza kughairi vipindi wiki ya tatu, na mzazi aliyeghairiwa mara mbili huwaambia majirani.

Uza nafasi za katikati ya wiki kwa jozi: Jumatatu na Jumatano, Jumanne na Alhamisi. Hisabati inahitaji siku moja ya mazoezi katikati, na jozi inakulinda na kosa linalowapata wengi: unampa mmoja Jumatatu, mwingine Jumatano, halafu anakuja mzazi anayetaka siku mbili, nawe umebaki na vipande visivyoungana. Kwa jozi utapata wanafunzi wanne wa mara mbili kwa wiki, na Jumamosi watatu wa mara moja. Ni wanafunzi saba. Ukitaka zaidi, weka wawili wa kidato kimoja kwenye kipindi kimoja; usiongeze saa.

Eneo nalo lina uzito uleule. Shika barabara moja. Kwako ni Sakina, Kwa Idd hadi Ngaramtoni, ambako daladala ni moja na siku ya tope unaweza hata kutembea kati ya nyumba mbili. Robo saa tuliyoacha kati ya kipindi cha kwanza na cha pili inatosha tu kama nyumba zote mbili ziko mtaa mmoja au mitaa inayopakana. Mzazi wa Njiro akipiga, mwambie ukweli kwamba huko hufiki, na kama unamfahamu mwalimu wa huko mpe namba yake. Fikiria mfano huu: kipindi cha shilingi 10,000, boda 4,000 kwenda na kurudi, na saa nzima na nusu barabarani. Katika muda huo ungefundisha kipindi kingine karibu na nyumbani.

Kabla ya kutangaza, pita njia hiyo saa ileile utakayofundisha, na angalau mara moja mvua ikiwa inanyesha. Kipindi cha masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za ndani ambazo hazina lami hubadilika kabisa.

Kisha andika tangazo linalosema mambo haya tu:

"Hisabati na Fizikia, kidato cha 1 hadi 4. Nafundisha nyumbani kwa mwanafunzi, Sakina hadi Ngaramtoni. Nafasi ninazopokea sasa: Jumatatu na Jumatano saa 10:00–11:15 jioni, Jumanne na Alhamisi saa 11:30–12:45 jioni, Jumamosi saa 3:00–4:15 asubuhi. Wazazi wapige simu saa 1 hadi saa 3 usiku."

Utaona hatukuorodhesha nafasi zote saba. Fungua tatu, zikijaa fungua nyingine. Usiandike kwamba zilizobaki zimejaa kama hazijajaa. Useme tu unazopokea sasa. Nafasi chache zenye siku na saa zinamrahisishia mzazi jibu: inamfaa au haimfai. Asiposema ndiyo, atakuuliza kama huna nafasi nyingine ya Jumatano, na hapo mazungumzo yameanza.

Jambo la mwisho kwako, kwa sababu unasubiri ajira: wazazi wanaogopa mwalimu atakayepotea katikati ya silabasi. Mwambie mzazi mapema kuwa ahadi yako ni hadi mwisho wa muhula, na ukiitwa kazini utampa taarifa na kumkabidhi daftari la maendeleo ya mtoto: mada zilizokwisha, mada anazoyumba, alama za majaribio. Mzazi akisikia hivyo humwamini mwalimu kuliko akiahidiwa miaka mitatu.

Nafundisha shule ya msingi Moshi mjini, nakaa Pasua. Natoka kazini saa 9 na nusu. Wazazi wa mtaani wananiomba niwafundishe watoto wa darasa la sita na la saba. Naweza kuchukua vipindi kila siku?
*Mwalimu mama, Pasua*

Kila siku hapana, dada. Saa 9 na nusu ni saa ya kutoka siku nzuri. Kuna vikao vya walimu, na kuna wiki ya zamu ambapo wewe ndiye wa mwisho kuondoka. Angalia ratiba ya zamu: kama mko walimu 12 na mnashika wawili wawili, kila wiki ya sita ni yako. Kipindi cha saa 10 kitavunjika wiki hiyo yote. Kiweke saa 11:00, kiishe saa 12:15, watoto wafike kwao kukiwa bado kuna mwanga.

Hesabu pia madaftari. Darasa la watoto 50, ukitumia dakika mbili tu kwa kila daftari, ni dakika 100 kwa somo moja. Usiku wa kusahihisha usiuze. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi zinakutosha, na kwa kuwa watoto ni wa mtaani kwako, wafundishe barazani kwako kwa kundi la watoto wanne. Hupotezi muda njiani, na mzazi analipa kidogo kuliko mwalimu wa kuja nyumbani. Zaidi ya sita barazani, mmoja atakaa nyuma bila kuonekana, na kwa kawaida huyo ndiye anayehitaji msaada kuliko wote.

Kuhusu Jumamosi, uliza kabla ya kupanga. Watoto wengi wa kipaimara wana mafundisho Jumamosi asubuhi, wa Kisabato hawatakuja kabisa, na Waislamu wengi wana madrasa mwisho wa wiki au jioni. Wakati wa Ramadhani kipindi chako cha saa 11 kitagongana na maandalizi ya futari, kwa hiyo familia hizo wape nafasi ya mapema ya Jumamosi kwa mwezi huo.

Na mawili ambayo hukuuliza. Mweleze mwalimu mkuu wako kabla ya kuanza. Na usichukue kwa malipo mtoto wa darasa unalolifundisha shuleni. Siku akifeli au akifaulu sana, maneno yatakugeukia wewe, na mtoto pia hatajua lini wewe ni mwalimu wake na lini mzazi wake anakulipa.

Nafundisha Kijerumani na Kifaransa, na wanafunzi wangu karibu wote ni waongoza watalii na wapagazi wanaotaka kupanda daraja. Wanajiandikisha kwa hamu, wanakuja wiki mbili, wanapotea mwezi, wanarudi wameshasahau. Ratiba ya kudumu haifanyi kazi. Nifanyeje?
*Mwalimu wa lugha, Soweto, Moshi*

Swali lako limetufurahisha, kwa sababu walimu wachache huwafikiria hawa, na ni wanafunzi wenye haja ya kweli: lugha ya tatu inaweza kumbadilishia mtu kazi.

Ratiba ya Jumatatu na Jumatano haitawafaa kwa sababu mlima haufuati wiki. Safari ya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huchukua siku 5 au 6, Machame 6 au 7, Lemosho 7 au 8. Ongeza siku ya maandalizi kabla na ya kupumzika baada. Mtu akipata safari mbili mfululizo, nusu ya mwezi imekwenda. Hakutoroki, yuko kazini. Mfumo wako ndio unaopaswa kubadilika.

Gawa mwaka mara mbili. Msimu wa chini ni Aprili na Mei, mvua za masika zinaponyesha, na kwa kiasi Novemba. Hapo waongozaji wako mjini na hawana kazi, na asubuhi zao ziko wazi. Fungua darasa la kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 hadi saa 5 asubuhi, wiki sita kuanzia mwanzoni mwa Aprili. Ni vipindi 30 vya saa mbili, saa 60 kwa jumla, zinazotosha kumtoa mtu kwenye sifuri hadi kuweza kusalimia, kueleza njia, chakula, hali ya hewa na dalili za ugonjwa wa mwinuko. Tangaza mwezi Februari, kwa sababu wakati huo bado wana fedha za msimu. Ukisubiri Aprili utakuta mifuko mitupu. Uwaruhusu kulipa kidogo kidogo kabla ya darasa kuanza.

Msimu wa juu, Juni hadi Oktoba na tena Desemba hadi Februari, usiuze ratiba. Uza vipindi 10 vilivyolipiwa, vitumike ndani ya siku 60. Weka nafasi tatu za wazi kwa wiki, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi saa 10 hadi saa 11 na nusu jioni, na anayeshuka mlimani achague kwa ujumbe wa simu siku moja kabla. Kila kipindi kisimame peke yake: leo kumpokea mgeni uwanja wa ndege, kesho kueleza vifaa vya kulalia, keshokutwa kumtuliza mtu aliyeishiwa pumzi. Ukifundisha kwa sura za kitabu, aliyekosa mbili hawezi kurudi. Na kikomo cha siku 60 ukitunze, la sivyo wote watakuja Novemba kwa pamoja kudai vipindi vyao.

Mtu anapopanda, mpe ukurasa mmoja wenye sentensi 15 na rekodi ya sauti yako. Arudi akiwa amezitumia na wageni wenyewe.

Nafundisha Kiswahili kwa wageni walioko nje ya nchi, kwa mtandao, kutoka Arusha. Mara mbili mwanafunzi ameingia saa tofauti na yangu, tena kwa saa nyingi. Na wa Marekani hatupatani kabisa muda.
*Mwalimu wa Kiswahili, Sekei*

Chanzo ni viwili. Cha kwanza, mwanafunzi anayejifunza Kiswahili anafurahia kuandika "saa moja" akiwa na maana ya 13:00, nawe unasoma 19:00. Mkipishana hivyo ni saa sita. Kwenye miadi andika mfumo wa saa 24 tu, pamoja na jina la mji wake: "19:00 Arusha, 17:00 Berlin". Saa za Kiswahili ziwe somo ndani ya kipindi.

Cha pili, saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, zao hubadilika. Nchi nyingi za Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani, isipokuwa sehemu chache, husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Weka alama siku hizo kwenye kalenda yako na tuma ujumbe wiki moja kabla.

Mtu wa Berlin aliyetoka kazini saa 18:00 ni 20:00 kwako wakati wa baridi yao na 19:00 wakati wa kiangazi chao. Wa London ni 21:00 na 20:00. Kwa hiyo fungua 19:00 hadi 21:30 siku tatu kwa wiki, umepata wafanyakazi wengi wa Ulaya. Wa New York akitaka jioni yake ya 19:00 ni saa 2 au 3 alfajiri yako kwa saa za kizungu. Kataa bila kusita, hutaweza kuishika hata mwezi. Mpe asubuhi yake kabla ya kazi: 7:00 ya New York ni 15:00 au 14:00 Arusha. Wa California 7:00 yake ni 18:00 au 17:00 kwako. Ukiandika wazi "asubuhi yenu", watakaokuja ni wanaoweza.

Umeme ukikatika usiku, modemu ya nyumbani inazimika. Simu iwe imejaa chaji na bando kabla ya kipindi cha kwanza, na upime mapema kipindi kimoja cha video kinakula kiasi gani kwa kusoma salio la bando kabla na baada.

Septemba nakuwa na wanafunzi wengi kupita kiasi, Januari sina hata mmoja. Nafundisha darasa la saba na kidato cha nne. Nimalize vipi pengo hilo?
*Mwalimu, Usa River*

Kalenda yako inafuata Baraza la Mitihani: darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, kidato cha pili na cha nne Novemba, kidato cha sita Mei. Nafasi za darasa la saba zikiachwa wazi katikati ya Septemba, zihamishie asubuhi kwa watoto haohao kama maandalizi ya kidato cha kwanza, Hisabati na Kiingereza, hadi wiki ya pili ya Desemba. Usipange kitu baada ya hapo, maana familia nyingi zinapanda kwao vijijini, Marangu, Rombo, Machame na Kibosho kwa Krismasi na watoto hawapo mjini.

Kwa Januari hadi Mei, tazama shule za mtaala wa Cambridge na za diploma ya IB (International Baccalaureate) zilizoko Arusha na Moshi. Mwaka wao huanza Agosti au Septemba na mitihani yao mikubwa huangukia Mei na Juni, yaani wanakuhitaji hasa miezi ambayo watoto wa mtaala wetu wamepoa. Itakubidi usome silabasi yao na ufanye karatasi zao za miaka iliyopita kabla ya kutangaza. Hisabati ni ileile lakini namna ya kuuliza ni tofauti. Anza na wawili, Jumanne na Alhamisi, Januari ijayo. Na ifikapo Agosti usiwaondoe ili kuwapisha watahiniwa wa Septemba. Wazazi wa darasa la saba waandikishe mapema, Juni, kwa idadi ya nafasi ulizonazo, na atakayekuja zikiwa zimejaa umwandike kwenye orodha ya kusubiri.